Sangara na Vipande Vyake: Kuihakiki Upya Filamu ya Hubert Sauper

Filamu ya Hubert Sauper, Le Cauchemar de Darwin, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Jinamizi la Darwin, ilitoka mwaka 2004. Inahusu Mwanza, mji wa Tanzania ulio kando ya Ziwa Victoria, na samaki aitwaye sangara ambaye minofu yake hupakiwa katika ndege na kupelekwa Ulaya. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na kuteuliwa kugombea tuzo ya Oscar nchini Marekani. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania aliishutumu hadharani, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Tangu hapo wasemaji wake wamegawanyika makundi mawili: wanaoiona kuwa ukweli mtupu, na wanaoiona kuwa kashfa kwa taifa zima. Kwa maoni yetu, makundi yote mawili hayakuitazama vya kutosha filamu yenyewe: namna inavyopanga picha zake, mambo inayoyaacha nje, na jinsi inavyosikiliza, au isivyosikiliza, lugha ya watu inaowaonyesha. Jambo hilo la mwisho linatuhusu sisi wa taaluma ya Kiswahili bila ya kuhitaji mwaliko.

Hoja ya makala haya ni kwamba filamu hii imepewa jina lisiloifaa. Jina lake linamshtaki samaki, na nyuma ya samaki linayashtaki maumbile. Lakini picha zake zilizo bora zinashtaki kitu kingine kabisa, yaani kisu kinachomgawa samaki na soko linaloamua nani apate kipande gani. Mtunzi ameonyesha zaidi ya alivyoeleza. Hapana budi mhakiki ayatenganishe mambo hayo mawili, asije akayakataa yote kwa sababu ya udhaifu wa moja.

Msomaji wa Kongo ana sababu zake za kuirudia filamu hii. Sauper mwenyewe amesimulia kwamba wazo lake lilimjia mwaka 1997, alipokuwa akitayarisha Kisangani Diary, filamu yake kuhusu wakimbizi wa Rwanda waliokwama kando ya reli kusini ya Kisangani. Huko Mwanza, asema, aliziona ndege mbili kubwa zilizojaa chakula. Moja ilikuwa imeleta kutoka Marekani tani 45 za njegere kavu za manjano kwa ajili ya kambi za wakimbizi. Nyingine ilikuwa ikiondoka na tani 50 za samaki kwenda Ulaya. Filamu nzima imechipuka katika picha hiyo moja. Kwa hiyo, ingawa Kongo haionekani ndani yake hata kidogo, ni vita vyetu na njaa iliyoandamana navyo vilivyoipa mbegu.

Sababu ya pili ni samaki mwenyewe. Sangara si mgeni kwetu. Ndiye yule ambaye katika mikahawa ya Bunia, Goma na Kinshasa huandikwa kwa Kifaransa capitaine. Ziwa Albert, ambalo Kongo na Uganda zinagawana, ni miongoni mwa makao yake ya asili, na huko ameishi pamoja na samaki wengine kwa muda usiohesabika bila ya kuwamaliza. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitiwa katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda kwanza, na baadhi ya waliopandikizwa walitoka katika Ziwa Albert hilohilo. Maofisa wa serikali ya kikoloni waliona kuwa ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi, wasio na thamani kwa macho yao. Wakataka kuwageuza kuwa nyama ya samaki mkubwa mwenye soko. Tena walikuwapo Wazungu waliopenda kuvua kwa ndoana kama mchezo, na samaki anayeweza kupita kilo 100 ni mchezo kweli. Kwamba watu wa pwani za ziwa hilo walikuwa wakiwala furu, wakiwaanika juani na kuwauza, na kwamba uchuuzi huo ulikuwa aghalabu mikononi mwa wanawake, hilo halikupewa uzito.

Matokeo yanajulikana. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa ametawala ziwa. Wataalamu hukadiria kwamba kulikuwa na spishi 500 hivi za furu, na kwamba labda 200 zimetoweka. Mholanzi Tijs Goldschmidt, aliyewachunguza furu huko Mwanza, aliandika kitabu kizima juu ya msiba huo, Darwins hofvijver (1994), na jina la filamu ya Sauper linasikika kama mwangwi wake. Lakini pana tofauti. Goldschmidt, akiwa mwanabiolojia, alikuwa na haki ya kumtaja Darwin, kwa sababu alikuwa akizungumza juu ya kuzaliwa kwa spishi na kufa kwake. Sauper analichukua jina hilo na kulitandaza juu ya watu: mwenye nguvu humla mnyonge, sangara humla furu, Ulaya huila Afrika. Ni istiari inayovutia, na ndiyo inayoiponza filamu. Kwa maana sangara hakuamua kuingia Ziwa Victoria, wala hakujenga viwanda vya minofu. Mtu akisema kwamba hayo ni maumbile, amewaachilia huru wote waliohusika.

Hata kwa upande wa ziwa lenyewe istiari hiyo haitoshi. Furu hawakuuawa na sangara peke yake. Udongo na mbolea kutoka mashambani, uchafu wa miji na kukatwa kwa miti vilililisha ziwa mwani kupita kiasi, na maji ya kilindini yakakosa oksijeni. Magugu maji yakaja kufunika ghuba nyingi katika miaka ya 1990. Na tangu miaka hiyohiyo ya 1990, uvuvi ulipompunguza sangara, baadhi ya furu walianza kuonekana tena. Leo dagaa ndio wanaoongoza kwa uzito katika samaki wote wanaovuliwa ziwani humo. Ziwa limejeruhiwa vibaya. Halikuwa kaburi, kama sauti ya filamu inavyotaka tuamini.

Tugeukie sasa mahali filamu ilipo na nguvu. Viwanda vya minofu vilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, vikaingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1990. Sauper alipata kuingia ndani ya kimojawapo, na sehemu hizo ni miongoni mwa picha bora za kazi ya mikono zilizowahi kupigwa katika eneo la Maziwa Makuu. Tunawaona wafanyakazi waliovaa nguo nyeupe, visu vikipita upande huu na upande huu wa samaki, minofu ikienda upande mmoja na mabaki upande mwingine. Hakuna anayeeleza kitu, wala haihitajiki. Ofisini kwa mwenye kiwanda, ukutani, pana samaki wa plastiki anayetikisa mkia na kuimba wimbo wa kuwaambia watu wasiwe na wasiwasi. Mtunzi wa riwaya angeona haya kubuni kitu kama hicho. Kamera ilikikuta kimetundikwa.

Kisha filamu inafuata mabaki. Kichwa, uti wa mgongo na mkia, vilivyobaki vimeshikana baada ya minofu kuondolewa, huitwa Mwanza mapanki. Upande wa Kenya watu huita mgongo wazi. Tunayaona yakimwagwa kutoka kwenye lori, yakitundikwa kwenye miti yakauke, funza wakitambaa chini yake, na mwanamke aliyeharibiwa jicho na hewa kali inayotoka katika samaki waozao akisema kwamba hata hivyo anashukuru kupata kazi. Baadaye tunaona watoto wa mitaani wakigombea sufuria ya wali, na wengine wakiyeyusha vifungashio vya samaki ili wavute moshi wake walewe. Mjadala uliozuka Tanzania mwaka 2006 ulizunguka sana mapanki haya, kama ni chakula cha watu au malighafi ya chakula cha mifugo. Kwa mhakiki, swali hilo lenyewe ni ushahidi wa nguvu ya picha. Taifa haliwezi kubishana juu ya kitu kisichoonekana, na kabla ya filamu mapanki hayakuonekana nje ya Mwanza.

Tunasisitiza neno hili kwa sababu ya msamiati. Neno sangara ni la samaki mzima. Mara tu anapofika kiwandani, Kiswahili kinaacha kumtaja kwa jina lake na kuanza kutaja vipande: minofu, mapanki, mabondo. Kila neno lina mlaji wake. Mnofu ni wa mtu wa Ulaya. Panki ni la jirani wa kiwanda. Bondo, yaani kibofu cha hewa kilichokaushwa, huenda China na Hong Kong, na siku hizi bei yake kwa kilo imeipita mbali bei ya mnofu. Aliyetoa neno mgongo wazi hakuhitaji kumsoma Darwin. Alikuwa ameliona tukio na kulipa jina ambalo ndani yake yumo aliyeondoka na nyama. Sauper alikuwa na maneno haya yote karibu naye siku zote alizopiga picha. Inasikitisha kwamba kwa jina la filamu yake alikwenda kuazima jina la mbali.

Hapo tunafikia suala la lugha, ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani wamelipita haraka. Katika filamu hii watu wa Mwanza husema Kiingereza mara nyingi, kwa sababu ndiyo lugha wanayoweza kuzungumza na mtunzi. Anayekumbukwa zaidi ni mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa samaki, mtu mwenye macho mekundu aliyeshika upinde na mishale yenye sumu, ambaye hulipwa dola moja kwa usiku. Aliyemtangulia kazini aliuawa. Ni picha ya kushangaza: silaha ya mwindaji, iliyotengenezwa kwa ajili ya porini, sasa inalinda lango la ofisi ya wataalamu wa samaki. Mlinzi huyu anaulizwa juu ya vita, naye anajibu kwamba vita vina faida, kwa kuwa serikali huandikisha askari na kuwalipa vizuri. Watu wengi, asema, huvitamani. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi na walioandika juu ya filamu, kama ushahidi wa ukatili wa umaskini.

Lakini imesemwa kwa lugha gani? Imesemwa kwa Kiingereza cha mtu ambaye huenda ni lugha yake ya tatu, chenye sentensi fupi fupi, bila viungo vya kupunguza wala kuongeza. Kila anayejua Kiswahili anafahamu jinsi msemaji anavyoweza kutamka jambo zito kwa namna inayoonyesha kwamba hakubaliani nalo: kwa kutia eti, kwa kutia ati ndiyo hivyo, kwa kurefusha silabi ya mwisho, kwa kumrushia msikilizaji swali. Hatujui mlinzi huyu angelisema vipi jambo lilelile kwa Kiswahili, na hilo ndilo lalamiko letu. Filamu imemvua kejeli yake, kama alikuwa nayo, na kumwachia ukali tu. Anaonekana kama mzimu unaosema ukweli wa kutisha gizani, wakati labda alikuwa mtu mzima mwenye busara anayemdhihaki kidogo Mzungu anayemuuliza maswali usiku.

Linganisha na msichana anayeburudisha marubani, ambaye anauawa na mteja wake kabla ya filamu kumalizika. Yeye tunamsikia akiimba kwa Kiswahili, wimbo wa kizalendo wa kuisifu Tanzania, huku rubani akimkatiza kwa mzaha. Ni sekunde chache, na ni kati ya sehemu chache sana ambapo mtu wa Mwanza yumo ndani ya lugha yake kikamilifu. Hatuhitaji tafsiri kujua kinachotendeka. Mtunzi angeisikiliza zaidi sauti hiyo, angepata filamu iliyo bora kuliko aliyotupatia.

Juu ya silaha tutasema machache. Filamu inachochea tangu mwanzo swali moja: ndege hizi zinazokuja kuchukua samaki, huja na nini? Marubani wanakwepa, kisha karibu na mwisho mmoja wao anakiri kwamba aliwahi kupeleka zana za vita Angola, halafu akaenda Johannesburg kupakia zabibu za kupeleka Ulaya. Watoto wa Angola walipata bunduki, watoto wa Ulaya wakapata zabibu. Ni kauli inayoumiza. Lakini safari aliyoisimulia ni ya Angola na Johannesburg, Mwanza haimo. Mwandishi wa habari wa Mwanza anadai kwenye filamu kwamba silaha hupitia huko pia, ila hatuonyeshwi. Mwanahistoria Mfaransa François Garçon aliishambulia filamu katika hoja hii na nyingine. Alikwenda mbali zaidi katika tuhuma zake kwa mtunzi, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimwona na hatia ya kumkashifu Sauper. Hukumu hiyo haiondoi udhaifu wa hoja ya filamu. Sisi wa Kongo hatuna haja ya kushawishiwa kwamba silaha zilishuka kutoka angani, tuliziona zikishuka. Kwa sababu hiyohiyo tunamdai mtunzi ushahidi ulio sawa na uzito wa jambo.

Tena, kwa kuikodolea macho ndege, kamera imekosa kuona lori. Huu ndio upungufu mkubwa zaidi wa filamu kwa mtazamo wa mtu wa upande wetu. Anayeitazama ataamini kwamba sangara ana njia mbili tu: nyama kwenda Ulaya, mabaki kubaki Mwanza. Ukweli ni kwamba katika soko la Kirumba, ndani ya jiji hilohilo la Mwanza, kuna biashara kubwa ya sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa, aitwaye kayabo, na mnunuzi wake mashuhuri ni Kongo. Kayabo na dagaa husafirishwa kwa barabara kupitia Rwanda na Burundi, au kupitia Kigoma na kuvuka Ziwa Tanganyika, mpaka katika masoko yetu. Samaki wengi waliokataliwa na viwanda wameishia katika chumvi hiyo, na kutoka hapo katika vyungu vyetu. Hata jina linatutazama: watu wa Kinshasa wamezoea kwa miaka mingi kuita samaki wa chumvi kutoka baharini makayabu, na si rahisi kusadiki kwamba kufanana kwa maneno haya mawili ni bahati tu. Wafanyabiashara na wateja huenda pamoja na maneno yao.

Je, biashara hii ingeibomoa hoja ya Sauper? La, ingeitatiza. Ingemlazimisha aonyeshe kwamba samaki wa Ziwa Victoria hulisha pia maskini wa nchi jirani, kwamba wachuuzi wa Kiafrika, wanawake kwa wanaume, wana faida na hasara ndani yake, na kwamba kila kilo inayokwenda kiwandani ni kilo iliyowaponyoka. Hapo mgongano ungekuwa dhahiri zaidi: viwanda vikilipa zaidi, samaki huondoka Kirumba, Ulaya ikifunga mlango, samaki hurudi. Filamu ingekuwa na watu wanaotenda, wala si wanaotendewa tu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya tanzia na maombolezo, na Sauper, licha ya kipaji chake, ametupa maombolezo.

Ushahidi kwamba kosa si la samaki mgeni peke yake tunao hapa kwetu, katika Ziwa Kivu. Ziwa hilo lilikuwa na spishi chache za samaki, na katika maji yake ya wazi hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vielelavyo majini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walileta kutoka Ziwa Tanganyika samaki mdogo ambaye wataalamu humwita Limnothrissa miodon na ambaye Bukavu na Goma nzima humwita sambaza. Lilikuwa tendo lilelile la kupandikiza, la wakati uleule na la fikra zilezile za kikoloni. Halikukosa gharama: baadhi ya vijidudu vya ziwa vilitoweka, na wapo wataalamu waliotabiri kwamba sambaza watajimalizia chakula na kuanguka. Hawakuanguka. Wamekuwa kitoweo cha watu wa kawaida pande zote mbili za ziwa, wakivuliwa usiku kwa taa, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inayoshikilia wavu.

Kwa nini basi hakuna jinamizi la sambaza? Bila shaka kwa sababu hali ya sambaza si ya mla samaki wenzake. Biolojia ina sehemu yake. Lakini pia kwa sababu sambaza hana mnofu. Huwezi kumkata ukapeleka nyama mahali pamoja na mgongo mahali pengine. Anauzwa kwa rundo, mzima, na anayemla humla pamoja na kichwa. Udogo wake umemlinda mlaji wake. Tofauti kati ya maziwa haya mawili imo zaidi katika ugawanyikaji wa samaki kuliko katika ugeni wake, na jambo hilo filamu ya Sauper inalionyesha vizuri mno kiwandani, kisha inalisahau.

Kuna tukio moja ambalo, kila tunapoirudia filamu, hutushangaza zaidi. Ni mkutano wa wataalamu wa hifadhi ya ziwa. Wajumbe wanaonyeshwa filamu fupi juu ya ziwa linalokosa oksijeni. Inapokwisha, mjumbe mmoja analalamika kwamba imeonyesha ubaya tu, kwamba ziwa lina sehemu nzuri pia, na kwamba kazi yao ni kuiuza nchi. Tukio hili lilirekodiwa kabla ya Jinamizi la Darwin kuonyeshwa popote, na lina ndani yake lawama yote ambayo filamu ingekuja kupokea mwaka 2006. Hapa mtunzi amekuwa hodari kweli: ameihifadhi hukumu ya filamu yake ndani ya filamu yake. Hata hivyo tusikimbilie kumcheka yule mjumbe. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za uvuvi wa sumu, na viwanda vikaathirika mara moja. Anayeishi chini ya mnunuzi mmoja hujifunza kuogopa picha mbaya.

Kizuizi hicho kinafundisha jambo jingine kuhusu hifadhi. Usafi wa mialo na udhibiti wa sumu vilitiliwa mkazo mkubwa pale mlaji wa mbali alipoogopa kwa ajili ya tumbo lake. Mvuvi alikutana na hifadhi kwa sura ya amri. Sheria ya Tanzania ilikuja kukataza sangara wa chini ya sentimita 50, ili samaki wapate kukua, na wale wa zaidi ya sentimita 85, ili wazazi wabaki. Kibiolojia ni kanuni yenye mantiki. Mwaka 2018 ilitekelezwa kwa nguvu katika msako ulioitwa Operesheni Sangara, ambapo nyavu haramu na makokoro vilichomwa moto na watu kutozwa faini kubwa, na malalamiko ya wavuvi yakafika hadi bungeni. Sauper hakuwa na njia ya kujua hayo. Ila mtu akiirudia filamu yake baada ya 2018 ataona kwamba wavuvi wamo ndani yake kama umati tu. Tunawaona wakivuta nyavu, wakiugua, wakizikwa. Mchungaji wao anatuhesabia vifo kambini. Hakuna hata mmoja anayeulizwa wavu wake una jicho la ukubwa gani, au kwa nini anautumia. Filamu ya kutetea wanyonge imewanyima wanyonge hao ujuzi wao.

Lawama hiyo si ya Sauper peke yake. Virunga ya Orlando von Einsiedel (2014), iliyopigwa kwetu na kuhusu kwa sehemu mafuta yaliyotafutwa katika Ziwa Edward, imewapa sauti walinzi wa hifadhi, na ni haki yao, kwa kuwa wengi wamekufa kazini. Wavuvi wa ziwa hilo wamebaki pembeni ya picha.

Kwa watafiti wa idara zetu hili ni suala la kazi. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zimekubaliana kulipumzisha kwa miezi mitatu kila mwaka; mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kongo ina takriban asilimia 45 ya ziwa hilo, kuliko nchi nyingine yoyote. Sheria zetu za kulinda viumbe, kama ile ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 na ile ya hifadhi ya maumbile ya tarehe 11 Februari 2014, zimeandikwa kwa Kifaransa. Mvuvi wa Kalemie au Uvira husema Kiswahili, na Kiswahili chake kina majina ambayo hata Kigoma, ng'ambo tu ya maji, hawayatumii: samaki yuleyule anayeitwa dagaa huko huitwa ndagala huku. Anayetaka kumweleza mvuvi huyo kwa nini akae pwani miezi mitatu, naye ana watoto wa kulisha, atahitaji kwanza kujua anavyoita wavu wake, samaki wake mchanga, samaki wake mwenye mayai, na msimu ambao yeye mwenyewe tangu zamani hakuvua. Maneno hayo hayajakusanywa. Yako Vitshumbi, Kalemie, Moba na Idjwi, kwa watu ambao bado wanayatumia kila asubuhi.